Mulgara na Adui Asiyemla

Mulgara wa jangwa la Australia huitwa panya na wasiomjua, na jina hilo humpunguzia hadhi kabla hata hajatetewa. Huyu ni mwindaji, wa ukoo mmoja na shetani wa Tasmania, ingawa uzito wake haufiki gramu 200. Hula nge, buibui, mijusi, hata panya wenyewe, na unyevu wa mawindo humtosha bila kunywa maji. Akiba ya mafuta huiweka kwenye shina la mkia. Ajabu yake kubwa ni bwete: baridi ikizidi, hushusha joto la mwili hadi chini ya nyuzi 20, na moyo na pumzi vikapunguza kasi ili nguvu zisipotee bure. Mamalia wengi wenye uwezo huo hujizuia wakiwa na mimba, kwa kuwa baridi huchelewesha ukuaji wa kitoto tumboni. Mulgara jike hufanya kinyume. Hulala bwete akiwa mjamzito, huku mkia ukinenepa kwa ajili ya kunyonyesha, kazi inayokula nguvu kuliko mimba yenyewe.

Kiumbe aliyejiandaa hivyo hamalizwi na ukame peke yake. Paka na mbweha walioletwa na walowezi humuua, ndiyo, lakini wanaowalaumu hao tu wanaacha kuuliza nani anawalisha. Ni sungura, aliyeachiwa porini Victoria mwaka 1859. Hamgusi mulgara, hula majani yanayomficha, kisha yeye mwenyewe huwa kitoweo kinachozidisha paka na mbweha. Ushahidi ulipatikana baada ya 1995, virusi vya sungura vilipovuka kutoka kisiwa cha majaribio cha Wardang hadi bara. Sungura walikufa kwa wingi, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa eneo la spishi moja ya mulgara, mwenye kishungi mkiani, huko Australia Kusini lilikuwa limepanuka mara 70.

Wapo wanaohofu kwamba paka akikosa sungura atamgeukia mulgara. Kwa muda mfupi huenda ikawa hivyo, ila windo dogo na adimu haliwezi kutunza paka wengi kama sungura walivyowatunza. Wengine husema ni mvua iliyomrudisha. Mbona aliongezeka hata katika miaka ya mvua haba? Pingamizi lenye uzito ni kwamba sungura hujenga kinga dhidi ya virusi. Hilo halivunji hoja, linadai tu kazi ya kuwapunguza sungura isikome.

Faida za mulgara? Hupunguza wadudu na panya, huchimbua udongo, na huwafunza wanasayansi matumizi ya nishati mwilini. Tatizo ni kwamba faida hizo husahaulika: vita dhidi ya sungura huhesabiwa kuwa shughuli ya kulinda malisho ya mifugo, na bajeti yake hupimwa kwa bei ya nyama na sufu. Vita hiyo iandikwe pia katika hesabu za uhifadhi, kwani hakuna uzio wa kuwazuia paka na mbweha uliowahi kumrudishia mulgara ardhi kubwa kiasi hicho.