Gesi ya Kuchekesha: Viwandani Imepungua, Je, Shambani?

Anayesafiri katika ukanda wa miwa wa Muhoroni na Chemelil wakati majani yanachomwa huona moshi na kudhani hatari yote ya hewa imo humo. Kweli, moshi huo hudhuru mapafu, na wenye pumu wanaujua vizuri. Lakini iko gesi nyingine isiyoonekana wala kuwasha macho, ambayo wanasayansi wameifuatilia kwa miaka mingi. Hiyo ni nitrasi oksaidi.

Ni gesi gani hii?

Madaktari huiita gesi ya kuchekesha. Tangu 1844, Horace Wells alipoitumia kung'oa jino huko Marekani, imetumika kupunguza maumivu na kumsaidia mgonjwa alale wakati wa upasuaji. Ikitumiwa na mtaalamu, ni dawa nzuri. Shida ni kwamba ikishapaa angani hukaa huko zaidi ya miaka 100. Kilo moja yake huongeza joto la dunia takriban mara 270 kuliko kilo moja ya hewa ya kaboni. Tena huharibu ozoni, ule utando unaotukinga na mionzi mikali ya jua. Mionzi hiyo huleta saratani ya ngozi na kuchangia mtoto wa jicho. Wanaoumia kwanza ni wenye ulemavu wa ngozi na wavuvi wanaoshinda ziwani juani.

Viwanda vya ng'ambo

Kwa miaka mingi, viwanda vya mbolea na vya malighafi ya nailoni vilitoa gesi hii kwa wingi. Huko Wilton, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kiwanda cha malighafi ya nailoni kiliwekewa mtambo wa kuiteketeza mwaka 1998, kisha kikafungwa 2009. Tangu 1990, gesi hii kutoka viwanda vya kemikali vya Uingereza imepungua kwa zaidi ya asilimia 95. Kazi hiyo ilikuwa rahisi kwa sababu moja: gesi ilitoka kwenye mabomba machache yanayojulikana, na bomba likizibwa, shida imekwisha.

Kwetu hali ikoje?

Kenya haina kiwanda cha malighafi ya nailoni. Mradi wa mbolea wa Ken-Ren, ulioanzishwa Mombasa miaka ya 1970, haukutoa hata gunia moja. Kwa hiyo gesi hii kwetu haitoki kwenye mabomba ya viwanda. Hutoka hasa kwenye udongo na samadi, na kidogo hospitalini.

Mkulima anapotia mbolea, mahindi hayanywi yote. Vijidudu vya udongoni hubadilisha nitrojeni iliyobaki kuwa gesi, hasa udongo unapolowa mvua. Watafiti waliopima mashamba madogo ya Nyando walikuta gesi hii ni kidogo. Wengine waliojaribu viwango mbalimbali vya mbolea huko Yala waliona inapanda kwa kasi mkulima akizidisha kilo 100 za nitrojeni kwa hekta, yaani kama kilo 40 kwa ekari.

Tufanye hesabu. Gunia la kilo 50 la DAP lina kilo 9 za nitrojeni, la CAN lina 13, na la yurea lina 23. Anayetia gunia moja la DAP na moja la CAN kwa ekari ametumia kilo 22. Huyo hana hatia. Kwa hakika, wengi wetu tunahitaji mbolea zaidi ili watoto washibe. Lakini matumizi yakiongezeka bila mpango, kwetu hakutakuwa na bomba moja la kuziba, bali mamilioni ya mashamba.

Hatari iliyo karibu

Msomaji aweza kuuliza, "Mambo ya angani yananihusu nini?" Nitrojeni isiyonywewa na mmea haiishii angani tu. Nyingine huteremka na mito ya Nyando, Yala na Nzoia hadi ziwani, ikichangia kurutubisha gugumaji. Nyingine huingia visimani kwa jina la nitreti, ikiungana na ile ya vyoo vya shimo, hasa katika mitaa kama Manyatta na Nyalenda ambako visima na vyoo vimekaribiana.

Shirika la Afya Duniani linataka nitreti isizidi miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, mtoto wa chini ya miezi sita anayechanganyiwa maziwa ya unga kwa maji hayo huweza kukosa oksijeni katika damu. Midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati. Kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi nitreti.

Tufanye nini?

Kwanza, mpe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Midomo yake ikibadilika rangi, mkimbize hospitalini mara moja.

Pili, kisima kifupi kilicho karibu na choo kitumike kufulia na kuoshea. Mtoto mchanga asipewe maji yake.

Tatu, gawa mbolea: nyingine wakati wa kupanda, nyingine mahindi yakifika magotini. Ifukie, wala usiitie mvua kubwa ikikaribia. Acha ukanda wa nyasi kando ya mto.

Nne, wakuu wa hospitali wakague mabomba na mitungi ya gesi hii. Huko Scotland iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya gesi iliyonunuliwa ilivuja kabla ya kumfikia mgonjwa. Wauguzi wanaoivuta kila siku katika vyumba visivyopitisha hewa wanaweza kupungukiwa na nguvu ya vitamini B12, na wanawake kuchelewa kupata mimba.

Kwa sasa kiwango chetu bado kiko chini. Tukizoea kutia mbolea kwa kipimo mapema, mahindi yataongezeka, na visima vya watoto wetu vitasalimika.