WAYA MMOJA, MALINDO MATATU

Kila askari anajua kwamba ghala la silaha, jiko na chumba cha wageni havifunguliwi kwa ufunguo mmoja, ijapokuwa vyote vimo ndani ya ua mmoja. Kanuni hiyo haina budi kutawala pia mitambo ya kompyuta katika ofisi zetu.

Tuchukue mfano wa ofisi ya tarafa kama Gitambi, wilayani Rusizi, katika eneo lililokuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006. Tuseme ofisi hiyo ina swichi moja ya Etheneti, yaani kisanduku chenye matundu ya kuchomekea waya za kompyuta. Hapo wamekutana karani wa hati za raia, askari polisi, na mwananchi aliyefuata huduma ya Irembo. Kwa kawaida swichi mpya huyahesabu matundu yote kuwa ya mtandao mmoja, namba 1. Hivyo kompyuta ya mgeni yaweza kubisha hodi moja kwa moja kwenye kompyuta yenye majalada ya wananchi, ambayo sheria ya Rwanda namba 058/2021 inaamuru yalindwe.

Dawa si kununua swichi tatu. Tangu mwaka 1998 ipo kanuni ya kimataifa, 802.1Q, inayowezesha swichi moja kugawanywa katika mitandao pepe, ambayo mafundi huiita VLAN. Furushi la habari lipitalo njia kuu baina ya swichi na swichi huvishwa alama ya baiti 4, mfano wa beji ya kikosi begani. Namba za kutumia ni 1 hadi 4094.

Kwanza, fundi huunda mitandao: tuseme 10 ya utawala, 20 ya polisi, 30 ya wageni. Pili, kila tundu la kompyuta hupewa mtandao wake mmoja. Tatu, njia kuu huruhusiwa kupitisha namba hizo tu. Nne, matundu yasiyotumika hufungwa. Tano, ruta iunganishayo mitandao hiyo hupewa amri ya nani apite na nani arudishwe. Ikikosa amri, hupitisha wote, na kazi yote huwa bure.

Hatari nyingine imejificha. Katika swichi nyingi, mpango mpya hukaa katika kumbukumbu ya muda mpaka uhifadhiwe. Umeme ukikatika kabla ya hapo, swichi huamka na mpango wa zamani. Asubuhi kila mtu hupata intaneti kama kawaida, wala hakuna ajuaye kwamba lango li wazi.

Kwa hiyo, ndugu askari, fundi akimaliza kazi, mwombeni aizime swichi na kuiwasha tena mbele yenu. Kisha achomeke kompyuta kwenye tundu la wageni na kujaribu kuifikia ile ya polisi. Ikijibu, lindo limelala. Hata ikinyamaza, tukumbuke kwamba VLAN hutenga tu, haigeuzi maandishi kuwa fumbo. Nywila imara bado ni wajibu.

Mlinzi hodari hapokei lindo kwa maneno. Huzunguka ua na kutikisa kila kufuli.