Pembetatu ya fundi na thamani ya L

Pita Mamboleo au Riat, Kisumu, asubuhi, pale nyumba mpya inapoanzwa, utamkuta fundi na kamba na vigingi vyake. Anapima futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, kisha anasogeza kigingi hadi kamba ya mshazari isome futi 5. Hapo kona imekaa skwea. Eneo la pembetatu hiyo ni 6.

Je, eneo la 5 linapatikana kwa pembetatu yenye kona skwea kama hiyo, pande zote tatu zikiwa namba kamili au sehemu? Naam: 3/2, 20/3 na 41/6. Eneo la 7 pia: 35/12, 24/5 na 337/60. Eneo la 1 halipatikani kamwe. Fermat alilithibitisha hilo karne ya 17. Swali lenyewe ni kongwe kuliko yeye, kwani limo katika hati za Kiarabu za karne ya 10. Ugumu wake ni kwamba kubahatisha hakusaidii. Kwa eneo la 157, pembetatu rahisi kuliko zote, aliyoipata Don Zagier, ina pande za sehemu zenye tarakimu zaidi ya 20 juu na chini.

Njia nyingine ni kulipatia kila eneo n mlinganyo wake, y² = x³ − n²x. Kwa kila namba tasa unahesabu majibu ya mlinganyo huo ukishughulika na masalio ya kugawanya kwa namba hiyo tu, kisha hesabu zote hizo zinafungwa pamoja katika funksheni moja, L. Mapema miaka ya 1960 Birch na Swinnerton-Dyer, wakitumia kompyuta ya Cambridge, walikisia kwamba L ikiwa sifuri penye 1, pembetatu ipo. Isipokuwa sifuri, haipo.

Na thamani ya L penye 1 haiji ovyo. Kwa n = 1 ni 0.6555 na kuendelea. Sasa chora 1/√(x³ − x) na upime eneo lote lililo chini ya mchoro, kuanzia x = 1 kwenda mbele bila kikomo. Unapata 2.622 na kuendelea; namba ya aina hii wataalamu huiita kipindi. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: ni robo kamili. Moja imetoka kwenye namba tasa, nyingine kwenye eneo chini ya mchoro, na desimali zote zisizokwisha zimefutana. Sijui jambo zuri kuliko hili katika hisabati.

Mwaka 1981 Waldspurger alionyesha kwamba nyuma ya thamani kama hizi za L kuna mraba wa namba nyingine iliyo rahisi kuifikia. Tunnell aliutumia ugunduzi huo mwaka 1983. Chukua n isiyo shufwa wala kugawanyika kwa mraba wowote uzidio 1. Hesabu njia za kupata 2x² + y² + 8z² = n kwa namba kamili, hasi na sifuri zikiwemo; ziite A. Hesabu tena ukiweka 32 mahali pa 8, ziite B. Mraba wa A − 2B, ukizidishwa kwa 2.622… na kugawanywa kwa 16√n, ndiyo thamani ya L.

Kwa n = 1, A ni 2 na B ni 2. Tofauti ni −2, mraba wake 4, na 4 × 2.622 ÷ 16 inarudi 0.6555. Kwa 5 na 7 hakuna njia hata moja, hivyo sifuri. Kwa 11, A ni 12 na B ni 4: haiwi sifuri, pembetatu haipo. Kambi ya hisabati ya wanafunzi wa sekondari ilianza Maseno mwaka 2011, na hesabu hii ingewafaa sana vijana wa huko, maana inataka kalamu na karatasi tu.

Jibu la "haipo" ni la uhakika, kwa sababu Coates na Wiles walilithibitisha mwaka 1977. Upande wa "ipo" bado unategemea kisio la Birch na Swinnerton-Dyer, ambalo tangu 2000 Taasisi ya Clay ya Marekani imeliwekea zawadi ya dola milioni moja.