Alizeti Fupi kwa Wenye Uwanja Mdogo

Iwapo unaishi Mbweni, Temeke au mtaa wowote wa Dar es Salaam ambako uwanja wa nyumba hautoshi hata kuanika kanga mbili, usidhani kuwa bustani si haki yako. Ipo alizeti ya mahali padogo, nayo huridhika na ndoo kuukuu ya rangi.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu mbegu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Alizeti ilimwayo Singida na Dodoma ni zao la mafuta. Shina lake laweza kupita kimo cha mtu mzima, na mizizi yake hutaka shamba. Ukiipanda katika kopo haitakuwa fupi. Itakuwa na njaa. Itatoa ua dogo kama kifungo, kisha upepo wa bahari utaiangusha. Ufupi hutoka katika mbegu, wala hautoki katika chombo. Basi ukifika dukani uliza alizeti fupi ya bustani, nawe usome kimo kilichoandikwa juu ya pakiti. Aina iitwayo Sunspot huishia karibu sentimeta 60. Teddy Bear, ambayo ua lake hufumka kama pamba, hufika kati ya sentimeta 60 na 90. Pakiti isiyotaja kimo, mimi ningeiacha dukani.

Chombo kiwe na kina cha sentimeta 30 hivi, kwa kuwa alizeti hupeleka mzizi wake mkuu chini moja kwa moja. Ndoo ya lita 20 yafaa sana, na debe pia. Toboa matundu matano au sita kwenye kitako kwa msumari uliotiwa moto. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, kwa hiyo uchanganye na udongo mweusi na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi, na ikizidi utavuna majani pasipo maua.

Panda papo hapo ndooni, sentimeta mbili au tatu chini, kwani alizeti haipendi kuhamishwa. Tia mbegu tano. Mimea ikifikia majani manne, ubakize miwili. Siku za mwanzo ilinde na kuku wa jirani, ambaye hana adabu. Yafaa ipate jua la saa sita kwa siku. Anayenunua maji kwa dumu asiogope: maji yaliyooshea mchele yanafaa, ila ya sabuni hapana. Wakati mwema ni Juni, masika yakiisha. Katika joto la Januari ndoo hukauka upesi, hapana budi kutia kidole udongoni kila siku.

Baada ya miezi miwili hivi maua hufunguka. Mmea mchanga hufuata jua toka mashariki hadi magharibi, bali ua likikomaa husimama likielekea mashariki. Wakati huo igeuze ndoo uso wa ua uelekee barazani kwako, maana halitageuka tena.

Kwa mpangaji hii ndiyo faida kubwa. Mwenye nyumba akipandisha kodi, bustani hupakiwa mkokotenini pamoja na godoro.

Ukitaka mbegu za msimu ujao, funika ua kwa kitambaa chepesi kabla ndege hawajalishambulia. Ila kama pakiti iliandikwa F1, watoto hawatafanana na mama yao. Mbegu hizo mpe kuku.