Nani Ahukumuye Bao?

Upitapo Vingunguti wakati wa alasiri, penye kivuli cha ukuta au cha mti, si ajabu ukawaona wachezaji wawili wa bao wamezungukwa na watu sita au saba. Wawili ndio wachezao, lakini hao waliosimama ndio mahakimu. Huyu acheka, yule aguna, na mwingine anong'ona ya kuwa kete ile ilipasa kuanzia upande wa pili. Hukumu zao hazikuandikwa popote. Nami naziona kuwa za haki kuliko nyingi zilizochapwa vitabuni.

Sababu ni namna mchezo wenyewe ulivyo. Ubao una mashimo 32, katika safu nne, na kete zote ni 64. Katika Bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi. Kipindi cha kuzitia hizo za mkononi, moja moja, huitwa namua. Zikiisha, huingia mtaji. Sasa, iko michezo ya jamaa hii, kama oware wa Ghana, ambamo kete zilizokamatwa hutolewa ubaoni na kuwekwa akiba. Hata mgeni aweza kuzihesabu akajua nani yu mbele. Bao si hivyo. Kete zilizoliwa husambazwa upande wa mlaji, wala haitoki hata moja. Ashindwaye ni yule ambaye safu yake ya mbele imekuwa tupu, au hana tena njia ya kucheza. Basi mtu aweza kuwa na kete tele safu ya nyuma, na bado akashindwa.

Jambo la nyumba ni gumu zaidi. Wakati wa namua, mchezaji akiwa katika kula, na kete yake ya mwisho ikiangukia nyumbani mwake pasipo na cha kula, ana hiari: alale pale, au aivunje nyumba asafiri nayo. Hapo ndipo kelele za watazamaji hukoma ghafla. Wote wanajua ya kuwa nyumba iliyojaa ni hazina, na ni windo pia.

Waandishi wa mbali walilisifu bao mapema. Stewart Culin, Mmarekani, katika maandishi yaliyochapwa mwaka 1896, aliuita mchezo wa mankala mchezo wa taifa wa Afrika. Sifa kubwa hiyo, lakini ni sifa ya jamaa nzima, haitofautishi ndugu na ndugu. Alex de Voogt, Mholanzi, alishika njia nyingine: alikwenda Unguja kwa mabingwa wenyewe, na mwaka 1995 akatoa kitabu huko Leiden juu ya ubingwa wa bao. Kazi yake ina uzito kwa kuwa aliuliza ni nini akijuacho bingwa, hakuridhika kueleza kanuni tu.

Wako pia waliotaka kuifundisha kompyuta kucheza. Mashine haitoshi kupewa kanuni. Yataka ipewe kipimo cha kupima kila hali ya ubao, ni nzuri au mbaya, na kwa kiasi gani. Kipimo hicho ndicho walichonacho wale waliosimama Vingunguti, ingawa wao hukitoa kwa mguno.

Kwa hiyo atakaye kukusanya maoni juu ya bao asiulize, "Je, mchezo huu ni mzuri?" Atajibiwa ndiyo, na kazi itakuwa imekwisha. (Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na hilo pia halitufundishi namna ya kulicheza.) Angoje mpaka mkono umesita juu ya nyumba, achore hali ya mashimo yote 32, kisha amwulize kila mzee kando yake: alale au asafiri, na kwa nini? Majibu yakipingana, yaandikwe yote mawili. Wazee hao wanapungua, na mguno haurithiwi.