Hedhi Inapohitaji Kuonwa na Daktari

Mzunguko wa hedhi huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Kwa mwanamke mtu mzima, mzunguko wa siku 24 hadi 38 ni wa kawaida, mradi damu isitoke zaidi ya siku 8. Siku 28 zinazotajwa kila mahali ni wastani tu. Anayeona siku zake kila baada ya siku 33, mwaka hadi mwaka, hana tatizo. Msichana aliyevunja ungo karibuni na mwanamke anayekaribia kukoma hedhi huwa na tarehe zisizotabirika, kwa kuwa yai halipevuki kila mwezi.

Damu nyingi ndilo tatizo linalovumiliwa kuliko yote. Vitabu vya tiba hutaja zaidi ya mililita 80 kwa hedhi moja, kipimo kisichomsaidia mtu nyumbani. Dalili zinazoonekana ni pedi kulowa chapachapa ndani ya saa moja au mbili kwa saa kadhaa mfululizo, kuvaa pedi mbili kwa pamoja, kuamka usiku kubadilisha, na mabonge ya damu yanayozidi sentimita 2.5. Mara nyingi chanzo ni uvimbe usio saratani kwenye kizazi, yaani fibroidi, au homoni zisizo na uwiano. Kitanzi cha shaba nacho huweza kuongeza damu. Msichana anayetokwa damu nyingi tangu hedhi ya kwanza, na ambaye pia hutokwa damu puani au kwenye fizi, apimwe kama damu yake huganda sawasawa.

Madhara yake huja polepole, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mwili huzoea. Mwanamke huhema akipanda ngazi, moyo humwenda mbio, viganja hupauka, naye hudhani ni uchovu wa kazi. Wengine hushikwa na hamu ya udongo, barafu au mchele mbichi. Watu hucheka, lakini hamu hiyo mara nyingi ni ishara ya upungufu wa madini ya chuma. Kipimo cha wingi wa damu hupatikana hata katika vituo vingi vidogo vya afya, na kwa asiye mjamzito kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Vidonge vya kuongeza damu husaidia, ila havizibi panapovuja.

Maumivu ya tumbo la chini yanayoanza pamoja na damu na kwisha ndani ya siku mbili au tatu husababishwa na prostaglandini, kemikali zinazoikaza misuli ya kizazi. Ibuprofeni hutuliza, kwa asiye na vidonda vya tumbo. Yakianza siku kadhaa kabla ya damu, yakiendelea baada yake, yakizidi mwaka hadi mwaka, au yakija wakati wa tendo la ndoa na haja kubwa, huenda ni endometriosisi: tishu zinazofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje yake. Takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anayo. Wengi huambiwa ni chango, wakishazaa yatakwisha. Ushauri huo ni mbaya: mimba hutuliza kwa muda tu, na ugonjwa wenyewe huweza kuzuia mimba. Maumivu yenye homa au uchafu unaonuka ukeni huashiria maambukizi, yatibiwe siku hiyohiyo.

Hedhi ikikosekana, kwanza ipimwe mimba. Sindano na vijiti vya uzazi wa mpango huweza kuisimamisha bila madhara. Pasipo sababu hizo, miezi mitatu bila hedhi yatosha kumwona daktari, hali kadhalika msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo. Anayeumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu huenda njia imeziba.

Damu inayotoka katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa haipaswi kungojewa, kwani huweza kuwa dalili ya saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi Afrika Mashariki. Aliyekaa miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata matone, asidhani ujana umerudi; apimwe.

Hali moja ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo: aliyechelewa siku zake, akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, kizunguzungu au kuzimia. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi, na damu hupotelea tumboni hata kama ukeni inaonekana kidogo tu.

Kwa mengine yote, mwanamke aandike kwa miezi miwili au mitatu tarehe, idadi ya pedi kwa siku na saa za maumivu, kisha aende na karatasi hiyo kwa daktari. Lakini asingoje kuijaza iwapo damu ni nyingi au inatoka nje ya wakati wake, au maumivu yana homa au uchafu unaonuka.