Samaki Mkunje Angali Mbichi

Wahenga walitwambia samaki mkunje angali mbichi. Wavuvi wa Chale wanalijua hilo. Fuvu la mtoto nalo ni vivyo hivyo. Mifupa yake huachana ili ubongo upate nafasi ya kukua. Maungio ya utosini yakifungana kabla ya wakati, kichwa hurefuka mithili ya mtumbwi. Huo si uchawi wala kosa la mama. Ni kasoro itibikayo kwa upasuaji. Mtoto akiwahishwa kabla ya miezi 6, mkato huweza kuwa mdogo, kwani mfupa ungali laini. Lakini Kijabe, penye wapasuaji wa fani hiyo, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Chale. Basi kliniki ipimapo uzito, na ipime mzingo wa kichwa. Nanyi walimu, lifundisheni hili: wanafunzi wenu wana wadogo zao nyumbani.